Tunawaona Watu, au Tunaona Madoa ya Rangi?



Ukipanda daladala Kibaha utamsikia konda akitangaza kituo kiitwacho Picha ya Ndege. Nimekulia mji huo, na jina hilo nimelisikia mara nyingi hata limebaki kuwa sauti tu masikioni mwangu. Watu wanashuka, watu wanapanda, hakuna anayegeuza shingo kutafuta picha wala ndege. Ndivyo mazoea yalivyo. Kitu ukikipitia kila siku, macho yanakiacha.

Katika makala hii nataka kusema juu ya mazoea ya macho, hasa macho yetu sisi tunaojiandaa kuwa mapadre. Seminarini tunafundishwa sana kusema, na tunafundishwa kiasi kusikiliza. Kuona tunadhani tunajua tayari, kwa kuwa tumezaliwa na macho. Mimi nimegundua kwamba sikujua. Aliyeanza kunifundisha ni mchoraji mmoja aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na aliyelimalizia somo hilo ni mama yangu mzazi.

Picha ya mtaa wenye mvua

Mwaka jana, katika somo la falsafa ya uzuri, padre anayetufundisha alizima taa za darasa akatuonyesha picha ukutani kwa projekta. Ilikuwa picha ya mtaa wa mjini usiku, barabara ikiwa bado imelowa mvua. Barabara hiyo ni pana, inakwenda mbele hadi inapotelea kwenye giza la rangi ya bluu. Katikati kuna mstari wa taa nyeupe za umeme. Pembeni madirisha ya maduka yanatoa mwanga wa njano na wa rangi ya chungwa, na mwanga huo umetapakaa juu ya barabara kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Magari ya farasi yamejipanga. Kandokando wako watu, lakini hawana sura. Ni miguso ya brashi tu, midogo, myeusi, mmoja baada ya mwingine.

Frateri mwenzangu aliyekaa mstari wa mbele akauliza, "Padre, mbona haina watu?"

Padre akamjibu, "Rudi nyuma, utawaona."

Jamaa akainuka, akarudi kinyumenyume hadi karibu na mlango. Tukacheka darasa zima. Lakini ilikuwa kweli. Ukiwa karibu unaona madoa ya rangi; ukirudi nyuma madoa yanakuwa watu wanaotembea, wanaosimama, wanaongoja magari.

Mwenzetu mwingine akauliza swali zito zaidi: "Sasa picha hii inamsaidia nini Mkristo? Haina Msalaba, haina mtakatifu, haina hata mtu mmoja mwenye macho." Kengele ya chakula ikalia kabla swali halijajibiwa. Nimekaa nalo tangu siku ile, na makala hii ni jaribio langu la kulijibu.

Mzee wa dirishani

Picha hiyo ilichorwa na Camille Pissarro mwaka 1897. Pissarro alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, wakati huo kikiwa koloni la Denmark, katika familia ya Kiyahudi. Alihamia Ufaransa akiwa kijana na huko akawa mmoja wa wachoraji walioitwa Waimpreshonisti. Jina hilo lilianza kama kejeli. Mwaka 1874 walifanya maonyesho yao ya kwanza mjini Paris, na mwandishi mmoja wa gazeti akawadhihaki akitumia jina la picha ya Claude Monet ya macheo bandarini, ambayo Monet aliiita "Impression", yaani alama ambayo kitu kinaiacha ndani yako unapokitupia jicho. Wao wakalibeba jina hilo. Hadi mwaka 1886 walikuwa wamefanya maonyesho manane, na katika kundi zima ni Pissarro peke yake aliyeshiriki yote manane.

Walichotafuta kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Walitaka kuchora kile ambacho jicho linakipokea saa hiyo hiyo, kwa mwanga wa saa hiyo na hali ya hewa ya saa hiyo, kabla akili haijaanza kupanga na kusafisha.

Kwa miaka mingi Pissarro alichora nje: wakulima shambani, bustani, njia za vijijini. Uzeeni akapata ugonjwa wa jicho uliokuwa ukimrudia, na upepo na vumbi vikawa adui zake. Akalazimika kuchora akiwa ndani, kupitia dirishani. Mwezi Februari mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 66, alipanga chumba katika hoteli moja ya Paris, akakaa juu akitazama barabara iitwayo Boulevard Montmartre. Hadi Aprili alikuwa ameichora barabara hiyo hiyo mara 14. Aliichora asubuhi, aliichora jioni, wakati wa jua na wakati wa mawingu, hata siku ya shamrashamra za Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu. Kati ya picha hizo zote, ya usiku ni moja tu. Hakuitia sahihi, wala hakuionyesha hadharani maisha yake yote. Alifariki mwaka 1903. Leo picha hiyo iko London, katika jumba la National Gallery, ambalo liliipata mwaka 1925.

Naomba msomaji umtafakari mzee huyo. Jicho lake linauma. Hawezi kutoka. Anakaa dirishani kwa wiki nyingi akitazama barabara ile ile ambayo wenye macho mazima wanaipita bila kuiona. Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Jicho la Pissarro lilikuwa linamsumbua, lakini moyo wake ulikuwa macho.

Kwanza niutetee uzuri

Yule mwenzetu aliyeuliza picha inamsaidia nini Mkristo hakuwa peke yake. Plato naye aliwatilia shaka wachoraji. Kwa maoni yake, kitanda alichotengeneza seremala ni nakala ya kitanda halisi kilicho katika ulimwengu wa mawazo, na kitanda alichochora mchoraji ni nakala ya nakala. Kwa nini upoteze muda na kivuli cha kivuli?

Katika jambo hili mimi niko upande wa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Yeye, akimfuata Aristotle, anakubali kwamba ujuzi wetu unaanzia kwenye milango ya fahamu. Hatuwezi kuruka juu ya macho tukafika kwa Mungu moja kwa moja. Thoma anasema kitu kizuri ni kile ambacho kikionekana kinapendeza, na anataja mambo matatu yanayotakiwa ili kitu kiwe kizuri: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Hakusema lazima kiwe na Msalaba juu yake. Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wasanii barua mwaka 1999, siku ya Pasaka, na Papa Fransisko mwaka 2013 katika waraka wake juu ya furaha ya Injili alizungumzia njia ya uzuri kama njia ya kuipeleka imani kwa watu. Katika kitabu cha Mwanzo, kitu cha kwanza Mungu alichoona kuwa ni chema ni nuru. Hapakuwa bado na hekalu, wala altare, wala kuhani. Palikuwa na nuru tu.

Kwa hiyo mwanga juu ya barabara yenye mvua ni jambo linalostahili kutazamwa. Anayeuchora vizuri anatuambia ukweli fulani juu ya viumbe vya Mungu, hata kama mwenyewe hasali kama sisi. Hadi hapo sina shida na picha. Shida nilikuja kuipata kwangu mwenyewe.

Usiku wa Maili Moja

Pasaka iliyopita nilitumwa kufanya uchungaji katika kigango kimoja wilayani Kisarawe, upande wa msitu wa Kazimzumbwi. Nilikaa huko wiki tatu. Usiku wa kule ni usiku kweli. Ukitoka kwenye sala ya jumuiya unashika njia ya mchanga katikati ya mikorosho, na mtu anayekuja mbele yako humwoni. Unasikia nyayo tu. Kwa hiyo ni lazima msalimiane.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Frateri. Natoka kisimani."

Wiki ya kwanza nilikuwa nauliza kila mara. Kufikia wiki ya pili niliwatambua wengi kwa sauti, wengine kwa kikohozi, na mzee mmoja mpiga kengele kwa jinsi anavyoburuta ndala. Giza lilinilazimisha kuuliza, na kuuliza kulinifanya niwajue.

Siku chache baada ya Dominika ya Huruma ya Mungu, paroko alikuwa na safari ya Mlandizi akanipa lifti ili kesho yake niende nyumbani. Tuliteremka Pugu jioni, tukapitia Kinyerezi hadi Mbezi, tukashika barabara ya Morogoro. Mvua ya masika ilitukuta Kibamba. Tulipofika Maili Moja palikuwa na foleni ndefu, malori ya kwenda Zambia na Kongo, mabasi, bajaji, bodaboda zilizojificha chini ya mabaraza. Wiper za gari zilikuwa zinapiga bila kupumzika.

Nikatazama nje kupitia kioo, na sikuamini. Taa nyekundu za magari zilikuwa zimeyeyuka juu ya lami. Taa nyeupe za maduka ya simu, taa za njano za vibanda vya chipsi, yote yalikuwa yametandazwa barabarani. Kando ya barabara, chini ya miamvuli mikubwa na vipande vya nailoni, akina mama wanaokaanga mihogo na samaki walikuwa vivuli mbele ya makaa yao. Nikaikumbuka picha ya Pissarro. Nikamwambia Padre, "Hebu tazama, Padre. Kama Paris." Padre akacheka, akawasha taa ya ndani ya gari kutafuta simu yake iliyokuwa imeanguka chini ya kiti.

Kimoja cha vile vivuli kikainua mkono. Nilidhani ni mtu anasimamisha daladala. Nikafurahia hata ule mkono, namna ulivyopita mbele ya mwanga wa makaa. Foleni ikasogea, tukaondoka.

Kesho yake nilifika nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Jana nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Si pale kwenye foleni. Gari la parokia yenu, na taa mmewasha ndani. Nimekuona kama mchana. Nikakupungia." Alikuwa anamenya vitunguu, hakuinua kichwa. "Nikasema labda amechoka, mwanangu."

Hakuongeza neno. Mama amekaa na karai lile pale Maili Moja tangu nikiwa darasa la pili. Ada zangu za sekondari zimetoka kwenye mihogo ile. Kanzu yangu ya kwanza alishonesha kwa fedha ile. Usiku ule mvua iliwafukuza wateja, akauza kidogo sana. Mchana tulikula samaki ambao hawakununuliwa.

Nimefikiri sana juu ya ile taa ya ndani. Jambo lenyewe halihitaji falsafa, kila dereva analijua: ukiwasha taa ndani ya gari usiku, nje huoni vizuri, lakini walio nje wanakuona wewe wazi kabisa. Mama alikuwa gizani na mvuani, akaniona. Mimi nilikuwa kwenye mwanga na mahali pakavu, nikamwona kama doa la rangi. Tena doa zuri!

Watu kama miti

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuna muujiza ambao zamani nilikuwa nauruka. Pale Bethsaida Yesu analetewa kipofu. Anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtia mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwamba anaona watu, ila wanaonekana kama miti inayotembea. Yesu anamwekea mikono tena juu ya macho, na sasa anaona kila kitu wazi. Ni Marko peke yake anayetusimulia habari hii, na katika Injili zote hatukuti muujiza mwingine wa Yesu uliofanyika kwa hatua mbili namna hiyo.

Watu kama miti inayotembea. Ukimpa mtoto wa mafundisho picha ile ya Paris na kumuuliza anaona nini, huenda akakujibu maneno karibu na hayo. Ndiyo hatua ya kwanza ya kuona. Haikuwa kosa la yule kipofu kuona hivyo. Alikuwa amepona nusu. Naye alikuwa mkweli: angeweza kusema "naona, asante", akaenda zake akiwaita watu miti maisha yake yote. Kwa kuwa alisema ukweli, aliguswa mara ya pili.

Mimi naogopa kwamba wengi wetu tunatoka seminarini tukiwa na mguso mmoja. Tunawaona waamini. Tunajua idadi yao, tunajua jumuiya ni ngapi, wangapi wamelipa zaka, kwaya ina watu wangapi. Tunaona umati siku ya Jumapili na tunaupenda umati huo kwa dhati, kama nilivyopenda taa za Maili Moja. Lakini watu wenyewe bado wanatembea mbele yetu kama miti. Tusisahau pia mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Yule kuhani aliyepita kando hakuwa kipofu. Luka anasema wazi kwamba alimwona yule majeruhi. Mlawi naye alimwona. Msamaria alimwona. Wote watatu waliona, na mmoja tu ndiye aliyesogea.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati ya picha na mtu. Picha ya Pissarro ukitaka kuiona vizuri unarudi nyuma, kama alivyofanya yule mwenzetu darasani. Mtu ukitaka kumwona vizuri unasogea karibu. Pissarro hakuweza kushuka, jicho lake lilimzuia. Mimi nilikuwa na macho mawili mazima na miguu miwili, mlango wa gari ulikuwa upande wangu, na foleni ilikuwa imesimama.

Hoja tatu za kunipinga

Nilipowasimulia wenzangu jambo hili, walinipa hoja tatu, nami nitazijibu kwa kifupi.

Wa kwanza alisema hiyo ni picha ya Wazungu, inatuhusu nini sisi wa Pwani? Nilimjibu kwa kumtaja Sam Ntiro, mchoraji kutoka Machame, Kilimanjaro. Ntiro alisoma Makerere, kisha London katika shule ya sanaa ya Slade, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa Balozi wetu Uingereza, katika mji huo huo ambako picha ya Pissarro imetundikwa. Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku. Picha hiyo ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la Museum of Modern Art la New York. Usiku ni wa watu wote. Katika usiku wa Pissarro watu wamo barabara moja bila kujuana. Katika usiku wa Ntiro watu wana safari moja na mzigo mmoja, na wote wanajua mlango wanaokwenda kuubisha. Nadhani parokia inaweza kufanana na barabara ya kwanza au na safari ya pili, na uchaguzi ni wetu.

Wa pili alisema uzuri wa namna hiyo ni hatari, unaifanya shida ya watu ionekane kama pambo. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyonipata mimi mwenyewe. Mvua ile iliyonipendeza ilimlaza mama na hasara. Lakini siamini dawa yake ni kuacha kutazama. Asiyetazama kabisa hatamfikia mtu pia. Ule uzuri ulinifanya nigeuze shingo dirishani, jambo ambalo abiria wengi hawakulifanya. Kosa langu lilikuwa kuridhika. Nilipata mguso wa kwanza nikadhani nimepona.

Wa tatu, ambaye ni mtu wa hesabu, alisema, "Frateri, parokia ina maelfu ya watu. Padre atamjua nani?" Ni kweli, hatawajua wote. Hata Yesu pale Bethsaida alimshika mkono mtu mmoja. Lakini kuna tofauti kati ya kutoweza kumjua kila mtu na kutojali kwamba humjui. Kule Kisarawe sikuwajua wote, nilikuwa nauliza tu, "Nani mwenzangu?" Swali hilo halihitaji shahada.

Tufanye nini?

Sitaki kumaliza kwa maneno matupu, kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. Walezi wetu na waamini watanisahihisha nikikosea.

Pendekezo la kwanza ni kwetu mafrateri. Tukirudi kutoka uchungajini huwa tunaandika ripoti: vipindi vingapi tumefundisha, wagonjwa wangapi tumetembelea. Naomba kila mmoja wetu ajipe kazi nyingine ambayo haitasomwa na mtu. Aandike habari za watu kumi aliokutana nao, na pembeni ya kila jina jambo moja ambalo asingelijua kama asingesogea karibu. Mimi nilijaribu kwa kigango changu nikafika watu saba. Wa nane nilikumbuka sura bila jina, nikaona aibu, na aibu hiyo imenifundisha zaidi ya ripoti.

Pendekezo la pili ni kwa parokia zetu zilizo kando ya barabara, na zipo nyingi kuanzia Kibaha hadi Mlandizi. Usiku wa mvua akina mama wa mihogo, vijana wa bodaboda na wauza matunda wanakimbilia chini ya mabaraza ya maduka, na wenye maduka wakifunga wanawaondoa. Mara nyingi hatua chache kutoka hapo kuna kanisa lenye baraza pana na geti lililofungwa. Najua sababu. Wezi wapo, vipaza sauti vimeshaibwa mahali pengi, na mlinzi mmoja hawezi kulinda eneo zima. Lakini baraza si sakristia. Kanisa likafungwa kwa kufuli, na baraza likaachwa wazi hadi mvua ikatike, tutapoteza nini? Halmashauri za walei zingeweza kulijadili jambo hili kabla ya masika yajayo. Vijana wa VIWAWA wangeweza kushika zamu usiku huo, na nina hakika ndani ya msimu mmoja wangejua majina mengi ambayo hayamo katika daftari la jumuiya yoyote.

Na wewe mwamini unayerudi nyumbani jioni ukiwa ndani ya gari au daladala, nakuomba kitu kidogo zaidi. Macho hayana pazia, tazama mtaa wako wenye mvua. Ufurahie, ni mzuri, Mungu ameufanya mzuri bila kukudai nauli. Kisha zima taa ya ndani, tazama tena.

Mimi kwa upande wangu nilifanya jambo moja kabla sijarudi seminari. Jioni ya mwisho nyumbani nilibeba jiko na mama akabeba karai, tukaenda wote Maili Moja. Mvua ilikunyesha kidogo, ikaacha. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya moto, upande ambao sikuwahi kuutazama barabara nikiwa na umri huu. Kutoka pale taa za magari hazipendezi sana, zinaumiza macho. Magari yanapita yakirusha maji. Ndani ya baadhi yake taa zilikuwa zimewashwa, na niliwaona abiria wazi kabisa: huyu anasinzia, huyu anachezea simu, yule ametazama upande wetu bila kutuona.

Mama akanigusa bega. "Baba, geuza samaki, wanaungua."

Mwandishi wa makala hii ni mseminari anayesoma falsafa.